Neti ya mboga ifungwe siku ile ile ya kupandikiza

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na wenzangu wanaolima mboga huku Malindi, kuanzia Ganda na Gede mpaka kandokando ya mto Sabaki. Saa hii ni kipupwe, kusi linavuma, jua limepunguza ukali na sukuma wiki na kabichi zinakubali vizuri, na nafurahi sana nikiona matuta yaliyofunikwa neti. Lakini nasikia watu wanalalamika eti neti ni kupoteza pesa, viwavi wako tu ndani, na wengine washaitoa wamerudi kwa bomba la dawa.

Jamani, neti haiui mdudu, inamzuia asiingie basi. Ukingoja mpaka majani yatoboke ndio ukimbilie agroveti, duka la dawa na vifaa vya shamba, kununua neti, umewafungia wadudu ndani na chakula chao na hakuna ndege wala nyigu wa kuwafikia. Kidukari, yule mdudu mdogo anayefyonza majani, mmoja akibaki kwa mche anatosha, maana huku kwenye joto majike wanazaa bila dume, tena wanazaa watoto wanaotembea sio mayai. Kwa hivyo kagua mche chini ya majani kabla hujaupandikiza, funga neti siku hio hio, na kingo zifukie na mchanga pande zote. Mawe mawili matatu hayatoshi, kusi litanyanyua upande mmoja na jioni nondo atapita hapo.

Nondo ninayemsema ni yule mdogo wa kabichi, kiwavi wake ukimgusa anajiachia na kuning'inia kwa uzi. Huyo dawa amezizoea. Katika wadudu wa mazao yeye ndiye wa kwanza kuripotiwa kuizoea dawa ya wadudu ya DDT, kule Java, Indonesia, mwaka 1953, na dawa nyingi zilizokuja baadaye pia amezizoea. Sasa mtu anapiga dawa leo, kesho anavuna anapeleka sokoni, na mboga hio inaliwa na watoto wetu!

Tena neti sio zote sawa. Kuna duka mjini lilimuuzia jirani yangu neti ya kivuli, ile nyeusi, akaambiwa ni ya wadudu. Ile inapunguza jua tu na matundu yake nondo anapita. Kwa kabichi na sukuma tafuta matundu yasiyozidi milimita moja, inzi weupe wa tungule wanataka ndogo zaidi ya hapo lakini basi hewa inapungua na kama bado kuna manyunyu majani yataoza. Na zile neti za kulalia za bure tafadhali ziacheni kitandani, malaria bado ipo, na dawa iliyotiwa mle sio ya kuwekwa juu ya chakula.

Neti isiguse majani. Pinda fito au paipu ya plastiki iwe tao, iwe juu kuliko mboga itakapokomaa, kwa sababu jani likigusa neti mdudu anataga akiwa nje. Ukitaka kupalilia funua asubuhi, ufunge kabla ya magharibi maana nondo wa kabichi hutoka kukiingia giza. Matango, maboga na matikiti yakianza maua fungua asubuhi nyuki waingie, la sivyo utavuna majani matupu. Tungule na pilipili hazina shida hio sana.

Utunzaji ndio watu wanapuuza kabisa. Jua letu linaila plastiki na chumvi na vumbi zinaziba matundu, kwa hivyo mkimaliza kuvuna ifueni kwa maji na sabuni kidogo, jiki msitie, muianike kivulini, muikunje ikiwa kavu kabisa. Tundu likitoka shona siku hio hio kwa uzi wa nailoni, wavuvi wetu wanajua kazi hii wala hawatakataa kukuonyesha. Halafu iwekeni kwenye gunia mlining'inize kwa kombamoyo, ikikaa chini panya wataimaliza.

Ombi langu kwa wenye agroveti ni waandike ukubwa wa tundu kwa kila roli na wakubali kukata kwa mita, maana mama mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba hawezi kununua roli nzima.

Mkulima wa mboga,
Malindi