Barua kwa mwanangu: kula, ndipo upungue

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na asante kwa kuniandikia kila ulichokula wiki nzima bila kuficha. Nami sitakuficha. Kupungua sikukatazi. Una kilo 78 kwa urefu wa sentimita 163, presha imemshika babu yako na shangazi zako wawili, na ukishusha kilo chache utakuwa umejifanyia hisani. Ninachokataa ni hizi kalori 900 ulizojipangia kwa siku. Mtoto wa miaka miwili huhitaji kama 1,000, na yeye haendi kazini.

Najua maneno matupu hayakuingii, kwa hiyo nimechukua kalamu. Mtu akilala kutwa nzima bila kunyanyua hata mkono, bado moyo unadunda, mapafu yanavuta hewa, ini na figo ziko kazini, na ubongo peke yake unakula kama sehemu moja ya tano ya nishati yote ya mapumziko. Kazi hiyo inataka chakula, na wataalamu wa lishe huikadiria kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke, kilo zake huzidishwa kwa 10, sentimita zake kwa 6.25, viwili hivyo vikajumlishwa. Kisha inatolewa miaka yake mara 5, na mwisho inatolewa 161. Kwako wewe mwenye miaka 24 ni 780 jumlisha 1,019, toa 120, toa 161. Inabaki 1,518. Hiyo ni ya kulala tu. Kwa mtu anayetembea kiasi, anayefanya kazi za nyumbani na mazoezi mepesi kama yako ya asubuhi, tunazidisha kwa 1.375, tunapata kama 2,090. Kanuni yenyewe inaweza kukosea kwa asilimia 10 hivi, juu au chini, lakini hata uivuteje haitakufikisha kwenye 900.

Anayetaka kupungua kwa utaratibu hutoa kama 500 kwenye hiyo 2,090, akabaki na 1,590. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700, kwa hiyo kutoa 500 kila siku kunashusha karibu nusu kilo kwa wiki. Utasema ni polepole, na kweli ni polepole. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo kasi tuliyokuwa tukiwaambia wagonjwa miaka yangu yote ya uuguzi. Mpango wa kalori 800 au chini yake hapewi mtu aufuate peke yake chumbani. Huwa na daktari anayemfuatilia na kumpima damu. Wewe umekaa jirani na mpango huo, na daktari wako ni programu ya kwenye simu.

Simu yenyewe siilaumu sana. Uliiambia unataka kufika kilo 50 kabla ya harusi ya binamu yako, nayo ikatii. Haina utu uzima wa kumkatalia mtu jambo. Kwa urefu wako kilo 50 ni BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ya 18.8, na chini ya 18.5 mtu anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Kwa nini uende kuchungulia ukingoni? Mtu mwenye uzito kama wako akipunguza asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 8 kwako, presha na sukari huanza kuonyesha tofauti. Anzia hapo. Nguo ya harusi ina fundi wake.

Sasa nije kwenye lalamiko lako kubwa, kwamba unajinyima na mizani haisogei. Orodha yako nimeirudia mara ya pili nikiwa na kikokotoo. Jumatatu hadi Ijumaa ni 900 kila siku. Jumamosi na Jumapili umeandika "nimeharibu", na nilipojumlisha vilivyoharibiwa nikapata kama 3,200 kwa kila siku. Siku tano za 900 ni 4,500. Siku mbili za 3,200 ni 6,400. Jumla ni 10,900, na ukigawa kwa 7 ni 1,557 kwa siku. Umeiona? Kati ya hiyo na ile 1,590 tofauti haifiki kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Umelala na njaa siku tano, ukajilaani siku mbili, ili ufike palepale ambapo angefika mtu aliyekula kila siku akashiba.

Na hapo nimechukulia kwamba hakuna ulichosahau. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha habari za watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Walipopimwa kwa vipimo vya maabara, miili yao ilikuwa inatumia nishati kama kawaida. Ila walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walivyoandika. Siamini kwamba walikuwa waongo. Tonge la kuonja chungu, masazo kwenye sahani ya mtoto na mafuta yaliyomiminwa kwa kukisia, nani huvikumbuka jioni akiandika? Kwa hiyo usione haya nikikwambia upime mafuta kwa kijiko. Kijiko kimoja cha mezani ni kama kalori 120.

Basi kwa nini mizani inakutisha kila Jumatatu? Ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kama gramu tatu za maji. Ukijinyima ghafla, akiba inaisha na maji yake yanatoka, ndizo zile kilo tatu ulizozishangilia wiki ya kwanza. Ukila Jumamosi, akiba inajaa tena na maji yanarudi. Chumvi nayo ina mchango wake. Umepanda kilo moja na nusu kati ya Ijumaa na Jumatatu. Ingekuwa ni mafuta, ungekuwa umekula zaidi ya kalori 11,000 juu ya zile unazotumia. Hukula hizo. Hata ukitaka huziwezi.

Usiniletee pia ile habari ya kwamba mwili "umejifunga" na ndiyo maana haupungui. Mwili ukinyimwa hupunguza matumizi: unakuwa mzito kuinuka, unakaa zaidi, unahisi baridi. Kujifunga haujifungi. Ushahidi upo, na ni wa kusikitisha. Kuanzia mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwafuatilia vijana 36 wa kiume waliokuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao, wakajitolea washindishwe njaa ili ijulikane namna ya kuwalisha tena watu waliokondeshwa na vita. Kwa wiki 24 walipewa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, na walitakiwa kutembea kilomita kama 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hakuna aliyejifunga.

Lakini tazama yaliyowapata. Mapigo ya moyo yalishuka, nguvu zikawaishia, wakajikunyata kwa baridi wakati wengine wanatoa jasho. Walikuwa wakali bila sababu, kisha wanyonge, kisha wakali tena. Baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya, na mazungumzo yao yote yakawa chakula. Walipoanza kulishwa tena, wapo waliokula mpaka wakaugua na bado wakasema hawajashiba. Hawa walikuwa vijana wazima, waliopimwa kwanza afya ya mwili na ya akili. Chakula chao kilikuwa karibu nusu ya walichokuwa wakila kabla ya hapo. Kalori 900 ni chini ya nusu ya unachohitaji wewe. Ndiyo maana sikushangaa uliponiambia kwamba unaangalia video za mapishi mpaka saa saba za usiku.

Dada yako, anayesoma huku nikiandika ingawa sikumkaribisha, anasema nikuambie uache kujiita mlafi. Ana haki. Kuna homoni inaitwa leptini, iligunduliwa mwaka 1994, inayotolewa na mafuta ya mwili na kuupa ubongo habari za akiba. Ukijinyima kwa nguvu inashuka upesi, hata kabla mafuta yenyewe hayajapungua sana. Wakati huohuo ghrelini, ya tumboni, inapanda na kukuamsha njaa. Jumamosi yako inapikwa tangu Jumatatu. Ukila vya kutosha Jumatatu, Jumamosi itatulia yenyewe, na utashangaa ni nidhamu kiasi gani ulikuwa unaidai kwa mwili uliokuwa unaomba chakula tu.

Kwa hiyo, kuanzia kesho kalori ni 1,590. Usipande kidogokidogo kwa woga, nenda moja kwa moja. Siku za mwanzo mizani itaongezeka, pengine kilo nzima, na sasa unajua ni nini. Jipime asubuhi kabla ya kula, andika, na usilinganishe jana na leo. Linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita. Utepe wa kiunoni nao utakuambia mengi ambayo mizani inayaficha.

Menyu sikupangii, chakula unakijua. Nitasisitiza protini tu, kwa sababu kwenye orodha yako ndiyo iliyokosekana zaidi: siku nyingine haikufika hata gramu 30. Mtu anayepungua anafaa kupata kama gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Kwako ni kati ya gramu 94 na 125 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo unaona kwamba yai moja la asubuhi halitoshi kitu. Gawanya katika milo yote: mayai, maziwa, samaki, kuku, jamii ya kunde, chochote unachokimudu na unachokipenda. Protini hushibisha, huulinda msuli, na mwili hutumia kama asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake katika kazi ya kuisaga na kuitumia. Jaza sahani mboga, kula matunda yenyewe kuliko juisi yake, wanga usiufukuze, na mafuta yapime lakini usiyaondoe yote. Soda na chai ya sukari nyingi, hilo tulishaongea.

Ongeza pia kunyanyua vitu vizito au mazoezi ya kutumia uzito wa mwili wako mwenyewe, angalau siku mbili kwa wiki. Mwili unaopungua hauli mafuta peke yake, unagusa na misuli, hasa ukikosa protini na ukikaa bila kuutumikisha. Ukifika kilo 72 rudia hesabu yote, maana mahitaji yatakuwa yameshuka kwa kalori kama 80. Ukifika hapo na ukaona umechoka, kaa hapohapo miezi miwili mitatu ukila bila kupungua wala kuongezeka. Hiyo nayo ni kazi, na watu wengi huishindwa kuliko kupungua kwenyewe.

Sasa lile lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu. Umetaja kwa haraka, katikati ya habari za viatu, kwamba hedhi haikuja mwezi uliopita wala mwezi huu. Umeona ni nafuu. Mimi sijaona nafuu. Ubongo ukihisi nishati ni haba hupunguza amri zake kwa ovari, estrojeni inashuka, na mifupa hutegemea estrojeni. Wala usidhani hili ni la wembamba tu. Hata mwenye mwili mkubwa anaweza kukosa hedhi kwa kujinyima. Nywele ulizoziona kwenye kitana ni jambo lilelile: huanza kukatika miezi miwili mitatu baada ya mwili kupata msukosuko. Na ukipata maumivu makali juu ya tumbo upande wa kulia, hasa baada ya kula, usinywe dawa za gesi ukalala. Wanaopungua haraka hupata vijiwe vya nyongo.

Nenda hospitali wiki hii. Watakupima mimba kwanza. Usikasirike, ndivyo kazi inavyoanza. Waombe wapime na wingi wa damu, madini ya chuma, tezi ya shingo na presha ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama, kwa sababu ya kile kizunguzungu ulichonitajia. Usimwambie daktari "nakula kidogo tu". Mwonyeshe orodha uliyonitumia mimi, pamoja na Jumamosi na Jumapili zake. Na kama kula 1,590 kunakutia hofu kiasi kwamba mkono hauendi mdomoni, mwambie na hilo, kwa maneno hayohayo. Wapo wanaolitibu, na hutibika vizuri zaidi likisemwa mapema.

Nauli nimekutumia. Niandikie majibu yakitoka, au nipigie hata ukiwa kwenye benchi unasubiri. Baba yako anakusalimu, na dada yako sasa ameondoka na kikokotoo changu.

Wako akupendaye,
Mama