Mama, msinifiche tena

Mama yangu mpendwa na wadogo zangu,

Shikamoo Mama. Wadogo zangu, hamjambo? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo unanilalamikia kwa hizi zamu za usiku.

Kwamba mdogo wangu kaachishwa kazi na presha ya Mama imepanda, nimeyasikia kwa mtu wa kando. Ninyi kila nikipiga simu ni "hatujambo, Mungu ni mwema." Najua mlitaka kuniepusha na mawazo. Lakini imani ya kutabasamu saa zote sijui tuliitoa wapi. Zaburi ya 13 inaanza na kilio: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 88 ndiyo kabisa, inaishia gizani bila neno la faraja, na bado imo kwenye Biblia. Bwana Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro, ilhali alijua anakwenda kumfufua.

Basi Mama, lia ukitaka kulia, kisha umeze dawa zako kwa wakati. Paulo aliwaombea wagonjwa wakapona, na bado alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. (Wewe kaka, aya hiyo haikuhusu. Nakujua.)

Na ule mstari wa Yeremia 29:11, kaka, wa Mungu kutuwazia amani na kutupa tumaini, ulioupachika kwenye simu yako, hebu rudi mwanzo wa sura. Ni barua kwa watu waliohamishiwa Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Hawakuambiwa watarudi kesho kutwa. Waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji ule ule waliopelekwa mateka. Kwangu mimi tumaini liko hapo, kwenye kupanda mboga mahali ambapo hukupenda kuwapo.

Huku namhudumia mzee mmoja ambaye huamka saa tisa usiku akiuliza mkewe kaenda wapi. Mkewe alishafariki. Namweka mto vizuri, namshika mkono, namwomba anisimulie walivyokutana, mpaka usingizi umchukue. Usiku mwingine sala ndefu sina kabisa. Nasema tu, "Bwana, nivushe hadi asubuhi," naendelea kubadilisha mashuka.

Kwa hiyo kaka, amka saa ile ile uliyokuwa ukiamka, oga, vaa, toka ukatafute. Ukirudi mikono mitupu, sema nyumbani kwamba leo imeshindikana, wala usijifungie chumbani. Na atakayekwambia umepoteza kazi kwa sababu ya dhambi fulani, mwache na maneno yake. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, kimya, wakafanya jambo jema sana. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Nitumie wasifu wako kabla ya Jumamosi niupitie. Mama, vipimo vya presha viandikwe kwenye daftari asubuhi na jioni, na kitinda mimba anipigie picha ukurasa huo kila Jumapili. Namba zikiwa mbaya, nazitaka hivyo hivyo zilivyo. Nikitoka zamu simu huwa wazi, pigeni hata kama hamna la kusema.

Ni mimi dada yenu, ninayewaombea.