Magoti ya Kaptula: Barua kwa Mwanangu Mariamu

Busia, Uganda, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu Mariamu,

Assalamu alaikum. Sisi tu wazima, na mama yako amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba tasnifu yako ya uzamili kuhusu watoto wa nasari imepita. Hata yule mama anayekaanga chapati pale kona alinipa mkono wa hongera kabla sijafungua kibanda. Alhamdulillahi. Miaka yote hii ya Chuo Kikuu cha Kyambogo, kufundisha siku za juma na kusoma wikendi, nilikuwa naisikia kwenye sauti yako kila ukipiga simu usiku. Leo sauti imerudi kuwa yako.

Uliponiuliza Jumatano, "Baba, sasa niende wapi kufanya kazi?", nilikwambia mtandao unakatika. Haukukatika, mama. Sikuwa na jibu, na sikutaka kukupa la haraka huku mteja amesimama mbele yangu na mimi nimebana pini mdomoni. Nimelifikiria siku nne. Sasa nakuandikia.

Mimi si mwalimu. Ninachokijua kuhusu nasari nimekijua kupitia sare. Ni miaka 26 sasa nawashonea watoto wa mji huu, na kila muhula ukifika katikati kaptula zinarudi kwangu kutiwa viraka. Kuna shule ambayo kaptula zake huchakaa makalioni. Kitambaa kimelika na kung'aa, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu amekalishwa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana akinakili a, e, i, o, u. Na kuna shule ambayo kaptula hutoboka magotini. Pindo limejaa udongo mwekundu, na mfukoni nakuta vifuniko vya soda, mbegu za fenesi, siku moja jongoo aliyekauka. Mtoto wa magoti yaliyotoboka akija kupimwa hatulii. Ananihesabia vifungo kwenye kopo. Mmoja aliniuliza kwa nini sindano ya cherehani ina tundu kwenye ncha na ya mkono ina tundu huku nyuma. Alikuwa mido klasi, darasa la kati la nasari. Kuna mafundi waliojifunza kwangu mwaka mzima na hawakuliona hilo.

Wewe unayo majina ya kitaalamu ya jambo hili. Mimi nina kaptula tu, lakini naamini tunaona kitu kimoja.

Na nasari yako mwenyewe uliikumbuka wakati unasoma? Ulikuwa bebi klasi, darasa la chini kabisa la nasari, una miaka minne, ukarudi nyumbani vidole vimevimba. Mwalimu alikuchapa kwa rula kwa sababu tatu yako ilitazama upande usiofaa. Sitaitaja shule hiyo, na mwalimu yule alikuwa na watoto wengi mno katika chumba kimoja. Ila usiku huo ulikataa kushika chaki yangu ya kushonea, ile uliyokuwa ukichorea sakafu yote ya kibanda. Juma lililofuata nilikuhamisha. Kwa mwalimu wa pili mlihesabu kwa vifuniko, mkapanga duka, mkauziana mchanga. Baada ya mwezi mmoja sakafu yangu ilikuwa imejaa chaki tena, na zile tatu bado zilitazama kinyume, na hakuna aliyekugusa. Zilijigeuza zenyewe. Tangu 2016 sheria ya watoto imekataza kabisa viboko shuleni, lakini wewe na mimi tunajua fimbo bado ziko nyuma ya milango mingi.

Sasa kazi.

Shangazi yako amepiga simu mara mbili. Anasema mtu mwenye shahada ya uzamili hapangusi watoto kamasi, akae ofisini Kampala. Anakupenda, usimkasirikie. Ofisi nazo zina kazi ya maana: wanaotunga mitaala wanahitajika, na wakaguzi wa shule pia, maana asiyejua mtoto wa miaka minne anafananaje akishughulika hawezi kukagua darasa lake. Ninachoogopa ni kwamba wanaopanda ofisini hawashuki tena. Baada ya miaka mitano wanaandika mwongozo wa mtoto waliyemsahau.

Ukiniuliza mimi, pengo kubwa liko kwa walimu wa nasari wenyewe. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, hata wa nasari. Ni jambo zuri. Lakini mtazame jirani yetu unayemjua, amefundisha topu klasi, darasa la juu la nasari, tangu wewe uko sekondari, ana cheti kimoja tu na watoto wake mwenyewe wanadaiwa karo. Alikuja kibandani na bahasha yake ya vyeti, akaipanga juu ya meza yangu ya kukatia kama mtu anayepanga karata, akaniuliza, "Mzee, nikirudi shule nani atanilipia? Nisiporudi, nani ataniacha nifundishe?" Sikuwa na neno. Huyo mama anaweza kutuliza watoto 40 kwa wimbo mmoja. Anahitaji mtu wa kumwongezea juu ya alichonacho, asiyemdharau. Taasisi ya taifa ya kufundisha walimu ina kampasi mikoani, mojawapo iko Kaliro, si mbali na sisi. Fikiria kufundisha wanaofundisha. Mkono wako mmoja utafika madarasa mengi ambayo mguu wako hautafika.

Kuna njia nyingine ambayo wenzako wa Kampala wengi hawaioni, nayo ni Kiswahili chako. Wewe umekulia mpakani, umecheza kwa Kiswahili, umegombana kwa Kiswahili. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali kuna wengi kutoka Kongo, na watoto wao wengi wanasema Kiswahili nyumbani. Mashirika yana vituo vya watoto wadogo huko. Mtoto aliyekimbia vita, anapopokelewa kwa lugha ambayo mama yake anambembelezea, unajua mwenyewe inambadilisha vipi. Mtaala wetu tangu 2007 unataka mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya kwao pale inapowezekana. Kwa watoto wale, wewe unayo. Kazi hizo kwa kawaida ni za mkataba wa muda, na fedha za wafadhili zikikauka zinakwisha, kwa hiyo uliza mapema.

Umesema pia rafiki zako wanavuka kwenda Kenya. Huko elimu ya awali iko chini ya serikali za kaunti, na kaunti ndizo zinazowaajiri walimu. Tanzania nao, kwa sera ya 2014, mwaka mmoja wa awali umekuwa wa lazima. Kwetu Sheria ya Elimu ya 2008 inaitambua nasari kuwa ngazi ya kwanza ya elimu, halafu gharama zote inamwachia mzazi. Elimu bure iliyoanza 1997 inaanzia darasa la kwanza. Mtoto wa mama anayeuza omena hapa sokoni anafika darasa la kwanza bila kuwahi kushika kitabu, anakaa karibu na mtoto aliyesoma miaka mitatu, na wote wanapewa ukurasa ule ule. Jambo hilo linaniuma kila Februari ninapowapima. Sitakuzuia kuvuka mpaka, ni hatua mia chache tu kutoka kibandani. Lakini nisingependa uwasahau hao.

Kufungua nasari yako mwenyewe kwenye kile kiwanja chetu, hilo nakuomba lisubiri. Si kwamba sikuamini. Shule zilifungwa Machi 2020, na watoto wa nasari hawakurudi hadi Januari 2022. Nilikuwa na sare 64 zimekunjwa kwenye rafu, zimelipiwa nusu. Nasari moja niliyoishonea ikageuzwa ghala la mahindi, nyingine ikagawanywa vyumba vya kupangisha. Mwalimu wako wa vifuniko, yule yule, aliuza nyanya miezi ishirini na zaidi. Shule ilipofunguliwa hakurudi. Watoto waliokuwa wapite mikononi mwake walipita moja kwa moja darasa la kwanza, nikawashonea kaptula za saizi kubwa, na wengi walikaa mbele yangu wakiwa wameshikilia kanga za mama zao.

Kwa hiyo, popote utakapoanzia, dai mkataba ulioandikwa. Usikubali neno la "tutakupa karo zikiingia." Kazi ya watoto wadogo watu huiita wito ili wasiilipe, na mwalimu mwenye njaa hana subira ya kusikiliza swali la sindano. Halafu, hata ukipewa ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka, omba siku moja ya juma ukae darasani, sakafuni, na nguo unayokubali ichafuke. Ukinyimwa siku hiyo, ijue kazi hiyo vizuri kabla ya kuikubali.

Nakusihi pia usiamue mwezi huu. Njoo nyumbani kwanza. Ulale. Mama yako ameshaweka kuku pembeni. Tutakwenda wote wawili nasari tatu za hapa, mimi nabeba sare, wewe unatazama watoto, jioni tunakaa barazani unaniambia ulichokiona. Sitakuchagulia. Nataka tu nikusikie ukifikiri kwa sauti kama ulivyokuwa ukifanya chini ya meza yangu ya kukatia.

Kuhusu gomesi ya mahafali, lile gauni refu la sherehe: kitambaa nimenunua, mita sita, zambarau iliyoiva, na mshipi nimepata wa rangi ya dhahabu isiyopiga kelele. Vifungo viwili vya bega la kushoto ni vile vya bibi yako, mama yangu mwenye jina lako, nilivitoa kwenye gomesi yake. Nitumie vipimo: bega kwa bega, urefu wa mkono, kifua na nyonga. Apime mtu mwingine, usijipime mwenyewe, ukiinua mkono bega linapanda na mikono yote itakaa vibaya. Vinifike kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi nasari mbili zinaleta maagizo.

Baba yako