Barua ya kufunga muhula wa pili, na habari ya mtoto aliyebaki nyuma ya mstari

Kwa wazazi na walezi wote,

Salamu kutoka ofisini. Tunafunga Ijumaa saa sita mchana. Ripoti atapewa mzazi au mlezi mwenyewe, si jirani wala kijana wa bodaboda. Walio na deni la chakula walimalize kabla hatujafungua, maana maharagwe ya wiki hizi mbili tumekula kwa mkopo. Gredi ya 6 na ya 9 wana kazi ya likizo, imo ndani ya bahasha. Sasa nawaomba mkae kitako, hili linalofuata ni refu kidogo.

Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya bendera kila Jumatatu nikipaza sauti: wavulana kushoto, wasichana kulia. Muhula huu mwalimu wa zamu alinivuta kando akaniambia, "Mwalimu, hebu mwangalie yule." Palikuwa na mtoto ameinama anafunga kamba za viatu. Jumatatu iliyofuata anafunga tena. Ya tatu, vilevile. Anangoja mistari ijae, kisha anajipenyeza nyuma kabisa. Nilipomsogelea nikaona viatu vyake ni vya kubandika. Havina kamba.

Mzazi wake nilipomwita alizungumza nusu saa nzima habari za karo na mvua ndipo akafika kwenye jambo lenyewe. Mtoto ni huntha. Alizaliwa na mwili ambao mkunga hakuweza kusema moja kwa moja kuwa ni wa kiume au wa kike. Nyumbani wanajua, sisi hatukuambiwa, na kweli hatukuwahi kuuliza. Nikasikia pia kwamba akishakunywa chai ya alfajiri hagusi maji mpaka arudi kwao saa kumi, asije akabanwa na haja akiwa shuleni. Kwa joto hili letu la pwani! Nami nilikuwa nikimwandikia kwenye ripoti kwamba anasinzia darasani mchana.

Tafadhali msianze kumtafuta. Mambo mawili matatu nimeyageuza makusudi, na mzazi wake ameisoma barua hii kabla yenu.

Wapo walioniuliza getini kama shule sasa inaleta ushoga. Hapana. Huntha ni maumbile, mtu huzaliwa nayo, na wengine hawajijui mpaka wabalehe: msichana wa miaka kumi na minne sauti inakuwa nzito, au hedhi haiji kabisa. Maalim wa madrasa jirani alinikumbusha kwamba vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, vina mlango wa huntha tangu zamani, namna atakavyorithi na safu atakayosimama wakati wa swala. Nikaona haya. Mashehe walimpangia safu karne nyingi zilizopita, na mimi nina uwanja mzima, nimeshindwa. Wakristo nao wasome Mathayo 19:12, panatajwa matowashi waliozaliwa hivyo toka tumboni mwa mama zao.

Serikali nayo imechelewa lakini imefika. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mtoto aliyeitwa "Baby A" ili jina lake lisijulikane. Kwenye karatasi zake za hospitali, pale pa kuandika jinsia, palitiwa alama ya kuuliza. Katika sensa ya 2019 huntha walihesabiwa peke yao kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524 nchi nzima, na nadhani hao ni wale tu ambao nyumba zao zilikubali kusema. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, inayomtaja mtoto huntha waziwazi: ana haki ya heshima, matibabu na elimu, na viungo vyake visiondolewe wala kugeuzwa bila ushauri wa daktari bingwa.

Kwa hiyo mtoto apelekwe hospitali, si kwa mganga. Hapa sisemi kwa adabu tu. Iko aina moja ya hali hii ambayo mwili wa mtoto mchanga hupoteza chumvi, na asipotibiwa anaweza kufa katika wiki zake za kwanza huku watu wakihangaika na kafara.

Shuleni tumefanya haya. Paredi sasa tunapanga kwa gredi. Choo cha mwisho, upande wa mwembe, fundi amekitia mlango mpya na komeo la ndani. Mwanzo nilitaka ufunguo ukae kwangu, mwalimu mmoja akaniuliza: mtoto aje kuomba ufunguo mbele ya foleni ya wazazi? Basi hakina ufunguo. Ataingia yeyote, mwenye hedhi, mwenye tumbo la kuendesha, anayetaka tu faragha, na hakuna atakayemuuliza. Suruali ya sare itavaliwa na anayeitaka. Michezo bado inanitoa jasho, kwa sababu mashindano ya nje yana masharti yake. Ya hapa ndani, kila mtoto acheze timu anayoitaka.

Kuna na wale ambao si huntha ila hawafanani na tulivyozoea: mvulana wa sauti nyororo, msichana asiyetaka sketi. Hao nao ni wanafunzi wangu. Maneno kama "jikedume" nimeyasikia darasani, na mara moja, nasikitika kusema, kutoka kinywani mwa mwalimu. Tumeongea naye. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hakikatazi kiboko peke yake, kinakataza pia kumtesa mtoto kiakili. Na iwe wazi: hakuna mwalimu, muuguzi wa kuja siku moja, wala kiranja mwenye ruhusa ya kumvua mtoto nguo ili "kuhakikisha". Akijaribu mtu, nipigieni hata usiku.

Kama nyumbani kwako kuna jambo la namna hii, njoo uniambie mapema, hasa kabla ya kusajili mtihani, kwa sababu jina na jinsia vinatoka kwenye cheti cha kuzaliwa na kurekebisha cheti si kazi ya wiki moja. Likizo nitakuwapo Jumanne na Alhamisi asubuhi. Ukianza na karo na mvua nitakusikiliza tu, chai ipo.

Yule mtoto wiki hii alisimama na gredi yake, mstari wa pili kutoka mbele. Chupa yake ya maji ilikuwa nusu.

Wenu,
Mwalimu Mkuu

Tanbihi: Sweta kumi na moja zimeokotwa, ziko ofisini. Saba hazina jina. Andikeni majina.