Risala ya wasichana wa Klabu ya Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanawake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afande Meja,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu, hapa Makindye, Kampala, penye kambi ya polisi wa jeshi. Bereti nyekundu za polisi wa jeshi tunapishana nazo kila asubuhi, lakini uliposhuka garini leo, wengi wetu tulitazama kichwa chako kwanza. Utuwie radhi. Beji imekaa juu ya jicho la kushoto, kitambaa kimelalia sikio la kulia, sawasawa na cha askari wa kiume aliyekufungulia mlango.

Usawa huo haukuja haraka. Uingereza, ambako polisi wa jeshi huitwa Kofia Nyekundu, wanawake wa jeshi la nchi kavu walitengewa kikosi chao kuanzia 1949 hadi kilipovunjwa 1992. Kwetu, Proscovia Nalweyiso aliingia vitani msituni miaka ya 1980, na 2011 ndipo akawa brigedia wa kwanza mwanamke wa Uganda.

Kiswahili, lugha ya jeshi letu, kilishatangulia. Afande ni afande, awe mume awe mke. Ukiambiwa "Afande yuko getini, anataka kitambulisho," hujui utamkuta nani, ila kitambulisho utakitoa.

Mama wa mwenzetu mmoja ni askari. Alipopewa bereti mpya, aliilowesha katika maji ya moto, akaikamua, akaivaa ingali mbichi, akawa anailaza kwa kiganja mpaka ikashika umbo la kichwa chake. Misuko aliifumua siku hiyo hiyo, kwani bereti haikai juu ya misuko. Kabla ya hapo majirani walimwita Mama Nakato. Siku hizi hata muuza ndizi, akimwona na kanga yake sokoni, humwita Afande. Nakato anatuhadithia haya huku macho yanameremeta.

Mheshimiwa, bado tunaambiwa kwamba msichana akienda jeshini atapika na kuandika barua za wakubwa. Tunaomba utueleze kazi yako ya kila siku, na masomo tunayopaswa kuyakazania tangu sasa.

Ombi la mwisho ni dogo. Hatuombi kuivaa bereti yako. Tangu 2019 imetangazwa rasmi kuwa vazi la jeshi, na raia haruhusiwi kuivaa. Tunaomba uivue kidogo, uiweke hapa mezani, utuonyeshe ulivyoilaza.

Tunaomba kuwasilisha.