Ugatuzi wa mitandao usiwe wa jina tu

Mhariri,

Elon Musk alipoinunua Twitter mnamo Oktoba 2022, baadhi yetu hapa Nairobi tulihamia Mastodon, mtandao wa kijamii ulioenea katika seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi akaunti na machapisho), kwa sababu tuliambiwa kwamba huko hakuna mwenye mji. Sisi ambao tumeishi na neno ugatuzi tangu Katiba ya 2010 tulilielewa jambo hilo upesi, lakini nasikitika kwamba hatukuuliza maswali tuliyozoea kuziuliza kaunti zetu, hasa ni nani anayeshika mfuko.

Kimaandishi, ahadi ile ni ya kweli. Itifaki ya ActivityPub, yaani kanuni za mawasiliano zinazotumiwa na Mastodon, ambayo shirika la viwango vya wavuti la W3C liliidhinisha Januari 2018, huziwezesha seva zenye wenyewe mbalimbali kupelekeana ujumbe, kama vile baruapepe inavyotoka kampuni moja ikafika nyingine. Watu, hata hivyo, hujazana mahali pamoja. Seva kubwa kuliko zote za Mastodon ni mastodon.social, inayoendeshwa na waundaji wenyewe, na mwaka 2023 programu yao ya simu ilianza kumpeleka mgeni huko moja kwa moja asipochagua pengine. Bluesky, mtandao mwingine wa aina hiyo, nayo imeundwa ili mtu aweze kuweka data yake popote, ilhali akaunti karibu zote zimo katika mitambo ya kampuni hiyo.

Lakini ukubwa si tatizo pekee, na hili ndilo lililonisukuma kuandika. Kikundi chetu cha wafasiri, kinachokutana Buruburu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kiliweka mijadala yake ya istilahi kwa miaka miwili kwenye seva ndogo ya ng'ambo. Asubuhi moja tulikuta tangazo kwamba mwenye seva ameshindwa na gharama na ataizima baada ya majuma matatu. Simlaumu, kwa maana alikuwa akilipa kutoka mfukoni mwake. Wafuasi wetu tuliweza kuwahamisha, ila machapisho hayahamishiki. Kila mtu alipakua yake, basi. Mjadala wetu kuhusu tofauti kati ya data, takwimu na taarifa, ambao ulituchukua karibu mwezi mzima na kutugombanisha kidogo, sasa umo katika mafaili kumi na manne, swali katika faili moja na jibu lake katika jingine.

Kwa hiyo seva zinaweza kuwa elfu, na bado kila moja ikawa mikononi mwa mtu mmoja anayeweza kuugua, kuchoka au kufilisika. Hata jina la seva lina mwenyewe: Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza anwani yake kwa kuwa kikoa cha .af kiko chini ya mamlaka ya Afghanistan.

Marehemu mama yangu alikuwa katika chama ambacho akiba yake ilikaa ndani ya sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zilishikwa na wanawake watatu wa nyumba tofauti, na aliyelaza sanduku kwake hakuwa na ufunguo hata mmoja. Seva pia ina funguo zake: jina la kikoa, nywila ya mtambo, nakala rudufu na akaunti inayolipia bili. Naomba jumuiya zetu za Kiswahili mtandaoni, kabla ya kumkaribisha mwanachama, zimweleze wazi ni nani anashika upi, na waundaji wa programu hizi watuwezeshe kuhama na maneno yetu, si wafuasi peke yao.

Sisi tumeanza upya kwa seva ndogo tunayoichangia kila mwezi. Nakala hutolewa kila Jumapili usiku. Moja hukaa kwangu, nyingine kwa mwenzetu wa Kayole, na ya tatu iko Thika.

Msomaji wako,
Buruburu, Nairobi