Toleo jipya si lazima liwe toleo lililoidhinishwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalozisumbua taasisi nyingi zinazohifadhi picha, video na michoro katika mifumo ya kusimamia mali za kidijitali, nalo ni utunzaji wa matoleo mengi ya faili moja.

Wengi hudhani kwamba mfumo ukishanunuliwa na faili zikahamishiwa humo, majina kama "nembo_mwisho", "nembo_mwisho2" na "nembo_mwisho_kabisa" yatatoweka yenyewe. Hayatoweki. Mfanyakazi aliyezoea kubadilisha jina kila anapohariri huendelea na mazoea yake, na mfumo, usiojua kwamba majina hayo matatu ni ya nembo ile ile, huyafungulia rekodi tatu, kila moja na maelezo yake na masharti yake ya matumizi. Inavyotakiwa ni nembo kuwa na rekodi moja yenye namba moja ya utambulisho, na kila badiliko lipakiwe ndani ya rekodi hiyo kama toleo la 2, la 3 na kuendelea, pamoja na maelezo ya nani alibadilisha, lini na kwa sababu gani. Hiyo sababu ndiyo watu huiacha tupu, ilhali ndiyo itakayotafutwa kwa udi na uvumba siku mzozo utakapozuka.

Hata pale utaratibu huo unapofuatwa, lipo kosa ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Mifumo mingi, ikiachwa na mipangilio yake ya awali, humpa kila anayefungua faili toleo jipya kuliko yote. Mpangilio huo unamfaa mbunifu aliye katikati ya kazi, lakini haumfai anayechapisha. Tuseme toleo la 4 la bango limeidhinishwa na liko tovutini, kisha mbunifu akapakia toleo la 5 ili wenzake watoe maoni kuhusu rangi. Ikiwa tovuti huvuta picha kwa kiungo kinachofuata toleo jipya, rasimu hiyo itafika hadharani bila mtu yeyote kuamua kuichapisha. Ndiyo maana nashikilia kwamba idhini ifungwe kwenye toleo lenyewe, wala si kwenye faili kwa ujumla, na viungo vya nje vielekezwe kwenye toleo lililoidhinishwa tu.

Vilevile, nakala iliyopunguzwa isichukuliwe kuwa toleo. Picha ya TIFF (aina ya faili kubwa yenye ubora kamili) inapogeuzwa kuwa JPEG (aina ya faili iliyobanwa iwe nyepesi) ya upana wa pikseli 1,200 kwa ajili ya tovuti, picha haijabadilika. Imetolewa nakala ya matumizi maalumu. Nakala hiyo ikipakiwa kama toleo jipya, picha asilia hufunikwa, na mpiga chapa atakuja kupakua ile ndogo na kushangaa kwa nini bango lake lina ukungu.

Kuhusu nafasi ya kuhifadhia, sikubaliani na wanaotaka kila toleo litunzwe milele. Katika mifumo mingi video haihifadhiwi kwa vipande vilivyobadilika tu, bali nzima kila mara, hivyo video ya gigabaiti 2 yenye matoleo 10 hula gigabaiti 20. Rasimu ambazo hazikutoka nje ya ofisi zifutwe baada ya mradi kufungwa, lakini toleo lolote lililowahi kuchapishwa libaki, hata kama lina kosa, kwa kuwa linaweza kuhitajika kama ushahidi wa kilichotolewa.

Taasisi inayotaka kununua mfumo wa aina hii imwombe muuzaji arudishe toleo la 3 la faili yenye matoleo 5, mbele ya macho yao. Matoleo ya 4 na ya 5 yakifutika, wasiununue. Mfumo unaofaa huyaacha yote mahali pake, na lile lililorudishwa hulisajili kuwa toleo la 6.

Wako,
Mtunza kumbukumbu za kidijitali